Kipande cha Utani

Habari kwamba ameiuza nadharia yake mwenyewe zilimfikia Namkunda Mbwambo kutoka Pune, kwa sauti ya mashine, akiwa na kipande cha kiazi kitamu mdomoni.

"Dada," ilisema mashine, ikitafsiri Kimarathi cha Vaishali Deshmukh bila kuipunguza hasira yake hata chembe, "ungetuambia tu. Ungesema nimechoka, nataka kuuza, tungekuelewa. Kwa nini tusikie kwa mawakili?"

Namkunda alikimeza kiazi kikiwa kizima. "Kuuza nini?"

"Usinifanye mtoto, dada."

"Vaishali, nakuuliza kama mtu asiyejua. Nimeuza nini?"

Vaishali akasema neno moja, na mashine ikalileta kwa Kiswahili kisafi kabisa: "Vyote."

Mashine yenyewe waliiita Baraza. Kulikuwa na vyumba vitano duniani vilivyounganishwa nalo: Tengeru, Pune, Antofagasta, Leipzig na Busan. Mtafiti aliyeingia katika kimojawapo na kufunga mlango alikuwa ameketi na wenzake wote, kila mmoja akinena lugha ya mama yake. Na lililosemwa humo lilikuwa na nguvu kuliko karatasi. Saini ilikwisha kufa zamani, siku mashine zilipojifunza kughushi mkono wa mtu yeyote, na sauti nayo ikaifuata kaburini. Likabaki Baraza peke yake, ambalo lilimjua mtu kwa pumzi na mapigo ya moyo wake. Ukitamka humo kwamba unatoa, umetoa. Waliiita kauli. Mkataba wa nchi tano ulisema nadharia ya vipitishi kamili, vile vinavyopitisha umeme bila kuupoteza hata kidogo, itatolewa bure kwa ulimwengu mzima siku itakapokamilika, isipokuwa mwenye nadharia atoe kauli nyingine. Mwenye nadharia, kwa makubaliano ya wote, alikuwa Namkunda.

"Baraza," alisema, "nisomee kauli yangu."

Badala ya kuisoma, Baraza liliicheza. Namkunda akasikia vikombe, akasikia kicheko chake mwenyewe, halafu sauti ya Profesa Eliufoo Kimaro, mkuu wa chumba cha Tengeru: "Namkunda, hii nadharia unaikumbatia ya nini? Nipe mimi niitafutie wateja." Na yeye, huku akicheka: "Chukua, Mchaga wee. Chukua yote, uuze hata na mimi mwenyewe, mradi siku ya kunizika urudi na chenji."

Alikumbuka. Ilikuwa wakati wa chai, wiki ya mvua za mwanzo. Vaishali alikuwapo kwenye mstari na alicheka pia, ingawa hakuelewa vizuri anachekea nini.

"Huo ulikuwa utani," Namkunda alisema.

"Neno hilo halimo katika kamusi ya mradi huu," lilijibu Baraza.

*

Lilikuwamo. Waliliweka wao wawili.

Mwaka wa kwanza wa mradi, Eliufoo aliingia chumbani adhuhuri akamkuta Namkunda akipiga hesabu badala ya kula. Akamwambia Wapare bwana, mnanusa chakula ili chakula chenyewe kibaki. Namkunda, bila kuinua kichwa, akamjibu kwamba afadhali wao wanaonusa. Yeye akifa itabidi wamdondoshee sarafu sikioni, na asipofumbua macho ndipo wachimbe kaburi. Hayo ni mambo ya kawaida kati ya Mpare na Mchaga, hata watoto wanayajua. Lakini Baraza lilikuwa bado geni. Siku ileile liliziarifu nchi nne kwamba watafiti wawili wa Tengeru wametishiana kifo na kutukanana kikabila, na wakubwa wa Leipzig wakawasimamisha kazi wote wawili hadi uchunguzi ukamilike. Wao wawili walicheka mpaka Eliufoo akakaa sakafuni.

Baadaye wakaketi kulifundisha Baraza. Utani, walilieleza, ni neno lenye kinga. Lililosemwa kwa utani si tusi, si tishio, si ahadi, wala si kauli. Wakatunga alama ya utani, ili Baraza liibandike juu ya maneno ya namna hiyo na kuyapita.

"Kwa nini watu wanaotukanana wasiachane?" Baraza liliuliza.

"Kwa sababu mtani ndiye atakayebeba jeneza lako," alisema Namkunda. "Anakusukuma mchana kutwa, lakini pakitokea msiba ndiye wa kwanza kufika. Kusukumana kwenyewe ndiko kuna..." Hapo akanyamaza, mdomo wazi, mpaka Eliufoo akamuuliza kama amemeza nzi.

Hakumeza nzi. Katika waya wa kawaida elektroni husafiri kama mtu apitaye gulioni: anagongwa huku, anakanyagwa kule, na anafika kwake nusu ya alivyobeba imemwagika. Katika kipitishi kamili hutembea wawili wawili na kupita pasipo kugusa kitu. Ila elektroni huchukiana kwa asili yake. Katika vipitishi vya baridi kali ilijulikana tangu zamani nini kinachoziunganisha. Katika vile vya joto, wataalamu walikuwa wamegombana karibu miaka mia. Namkunda aliona, kwa kueleza utani tu, kwamba huenda hakuna gundi yoyote ya kutafutwa. Huenda kule kusukumana, kukipangwa vizuri, ndiko kunakofunga. Akaandika mlinganyo wenye vipande vitano, na kile cha nne, kilichobeba wazo lenyewe, akakiita utani. Ulimwengu mzima wa wale watu wa vyumba vitano ulikiita hivyo, ingawa hesabu yake ya ndani ilibaki kwake na kwa Baraza tu. Hata Mjerumani wa Leipzig alijifunza kusema utani, ingawa alitamka kama mtu mwenye mafua.

Na tangu siku ya kwanza hakuwahi kumwamkia Eliufoo shikamoo, japo alikuwa amemzidi miaka kumi na zaidi. Alikuwa akimwambia, "Mchaga haamkiwi, anapekuliwa." Naye Eliufoo angegeuza mifuko nje aonyeshe ni mitupu.

Sasa Namkunda alisimama katikati ya chumba, akauliza neno hilo lilikwenda wapi.

"Profesa Kimaro alitoa tamko," lilisema Baraza. "Kwamba neno utani halina maana ya kisheria wala ya kisayansi katika mradi huu. Alama zote za utani ziliondolewa kabla ya makabidhiano kwa mnunuzi, Shirika la Pete."

Wala ya kisayansi. Namkunda aliyasikia maneno hayo kwa kuchelewa kidogo, kama mtu aliyejikata na kisu kikali.

"Nisomee mlinganyo waliokabidhiwa."

Baraza lilisoma. Kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kisha likaruka hadi cha tano.

*

Eliufoo alikuwa ofisini kwake akikunja mashati. Shirika la Pete lilikuwa linamsubiri Pune, ambako kwa mlinganyo ule lilikuwa limekwisha kutengeneza kimyakimya pete ya kwanza ya kipitishi cha joto: duara la chuma-kauri lenye upana wa uwanja wa mpira, la kuhifadhi ndani yake umeme wa kutosha mji mzima, ukizunguka usipungue. Ijumaa wangeijaza. Vaishali, ambaye chumba chake sasa kilikuwa chini ya Shirika, ndiye angeongoza kazi hiyo, amesimama mita chache kutoka kwenye pete yenyewe.

"Mtani," alisema Eliufoo, akiinua macho. "Umekuja na kesi, au utakunywa chai kwanza?"

"Umenifanyia nini, Ufoo?"

Alikunja shati moja zaidi kabla ya kujibu. "Wafadhili wanaondoka, Namkunda. Leipzig wamekwisha kujitoa, ila hawajasema tu. Mwakani hiki chumba kitakuwa stoo ya mbolea. Nimeiokoa kazi yako. Jina lako limo, tena la kwanza."

"Sikukuuliza kuhusu jina."

"Ulisema nichukue au hukusema?"

"Nilisema kwa utani."

"Mahakamani hakuna utani," alisema Eliufoo. Alisema polepole na hata kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma Namkunda kuliko neno lenyewe. Alikuwa amejiandaa kwa mtu mwenye haya, au kwa mtu mkali. Huyu alikuwa amekwisha kulifikiri jambo hilo, amelala nalo, ameamka nalo, na amelizoea. Siku ile ya chai alipokuwa akicheka naye, alikuwa anavua, na kauli yake ndiyo samaki.

Namkunda alishika kiti bila kukaa. "Nisikilize sasa kama mtaalamu, kama bado umo humo ndani. Ulipoondoa neno, Baraza liliondoa kila kilichobeba alama yake. Kipande cha nne hakipo. Pete imejengwa bila hicho."

Eliufoo akacheka. "Mpare akishindwa kesi ya ng'ombe hufungua ya kamba."

"Si kesi. Kipande cha nne ndicho kinachosema jozi zinavumilia mzigo kiasi gani. Bila hicho hesabu inakwambia zinavumilia wowote. Ijumaa watajaza, watajaza, watafika mahali jozi zote zitaachana kwa pamoja, na umeme wa mji mzima utageuka kuwa moto kwa kufumba na kufumbua. Vaishali yuko pale."

"Wataalamu wa Shirika wamepima. Joto ambamo pete inapitisha umeme linatoka sawasawa na nadharia."

"Joto litatoka sawa. Sisemi joto, nasema mzigo."

Aliona uso wake ukisita. Ulikuwa uso anaoujua. Aliwahi kuusoma katika mamia ya vikao, na alijua jicho hilo la kushoto hufinya akianza kuamini. Lilifinya.

"Rudisha lile neno," alisema Namkunda. "Tamko moja tu. Kipande kitarudi chenyewe."

"Na kauli yako itakufa, maana itarudi kuwa utani."

"Ndiyo."

"Na Shirika litanishtaki mimi."

"Ndiyo, Ufoo."

Eliufoo alifunga begi. Zipu ilikwama, akaivuta, ikakwama tena. "Kama una uhakika na hicho kipande chako," alisema bila kumtazama, "ingia Barazani ukiseme. Mdomo ni wako."

"Nikikisema humo ni chao. Kila neno linalotamkwa humo sasa ni mali yao, hilo umeliweka wewe. Ndicho kitu pekee nilichobaki nacho. Nikikizuia, siku moja nitasimama mbele ya wasuluhishi niseme tazameni, walichochukua hakijakamilika, hawawezi kuitumia bila mimi, na nadharia itarudi kuwa ya watu wote. Nikikitoa hakuna tena cha kusuluhisha."

"Unaona sasa," alisema Eliufoo, na akainua begi. "Hata wewe una bei. Tumetofautiana tarakimu tu."

Akatoka. Viatu vyake vilisikika ngazini, vizito, vya mtu asiyekimbia.

*

Alichofanya Namkunda kwanza ni kile ambacho mtu yeyote angefanya. Alitoka nje, akasimama kati ya mibuni ya taasisi, akampigia Vaishali kwa simu ya kawaida, nje ya Baraza, kwa Kiingereza chao cha kuungaunga. Akamwambia usijaze pete. Akamwambia kuna kipande kimekosekana.

"Ni nani wewe?" aliuliza Vaishali.

"Ni mimi, Namkunda."

"Sauti kama hii naweza kuinunua sokoni asubuhi na kuirudisha jioni. Kama ni wewe, ingia chumbani."

"Siwezi kusema humo. Mkiniuliza ni kipande gani, kitakuwa cha Shirika."

"Basi si wewe," alisema Vaishali. "Na kama ni wewe, ni vibaya zaidi." Akakata.

Namkunda alikaa chini ya mbuni, kwenye majani makavu, na sketi yake ya kazini. Tusimpake mafuta. Ilikuwapo nusu saa nzuri ambayo alitaka pete ipasuke. Aliiona ikipasuka. Alimwona Eliufoo mbele ya kamera za dunia, begi mkononi, akitafuta neno la kusema na kulikosa, maana alilifuta mwenyewe. Aliwasikia watu wakisema kumbe yule mama alijua. Ladha ya jambo hilo ilikuwa tamu, aliilamba, na hakujionea haya mpaka alipofika mahali ambapo katika picha ile ilibidi amweke Vaishali. Akajaribu kumweka mbali. Akamweka nyuma ya ukuta. Akamweka nyumbani, mgonjwa wa mafua siku hiyo. Lakini Vaishali hakuwa mtu wa kukaa nyuma ya ukuta. Ndiye aliyewahi kuingiza mkono mzima katika tanuri la sampuli kwa sababu roboti ilikuwa polepole. Angekuwa palepale mita chache, amekunja mikono ya shati.

Miaka yote Namkunda alikuwa akiwaeleza wageni kwamba mtani ni mtu anayekuja msibani. Hakuwahi kueleza kwamba kuna msiba ambao unaweza kuuzuia, ukaacha kuuzuia kwa kuwa umemkasirikia mtu mwingine.

Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akajipangusa majani akarudi ndani.

*

"Naongeza kipande," aliliambia Baraza. "Waite Pune wasikilize."

"Kila kitakachosemwa humu ni mali ya Shirika la Pete," lilisema Baraza. "Hakitarudi kwako wala kwa mradi. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Kipande kinaitwaje? Jina ulilokuwa ukilitumia halimo katika kamusi."

Namkunda alifikiri majina kadhaa, na yote yalikuwa na uchungu ndani yake. Nadharia haina haja ya uchungu wa mtu. "Kiite cha nne," alisema.

"Je, hii ni kauli?"

Zamani lingeuliza: ni kauli au ni utani? Sasa swali lilibaki na mguu mmoja.

"Ni kauli," alisema.

Akakisema chote. Hakupunguza alama, hakuficha sharti, hakuacha kona ya kujifungulia kesi baadaye. Alikieleza kama anavyowaeleza wanafunzi, akirudi nyuma palipo pagumu, akitaja mzigo ambao jozi zinauhimili na ule zisiouhimili, na kwamba kwa ukubwa wa pete ile ukomo ni theluthi tu ya walichokusudia kujaza. Kutoka Pune ilisikika kalamu ikigonga meza, tabia ya Vaishali anapofuatisha hesabu. Halafu kalamu ikakoma.

"Mungu wangu," Vaishali alisema mwishowe, na Baraza likalitafsiri hilo taratibu. "Dada, kwa nini hukutuambia hivi tangu mwanzo?"

"Niliwaambia," alisema Namkunda. "Nilikiita utani."

*

Eliufoo alipiga Jumamosi, kutoka chumba cha Pune. Namkunda alikuwa Tengeru akiondoa vitu vyake kwenye meza, navyo havikuwa vingi. Baraza likasema Profesa Kimaro yuko kwenye mstari, naye akakubali, kwa sababu mtu akiitwa kwa jina huitika.

Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyetolewa mtoni. Walijaza theluthi tu, alisema. Kisha Vaishali alichukua kipande kidogo cha chuma kilekile, akakipeleka hadi ukomo na kuupita kidogo, nyuma ya ukuta mnene. Ukuta haupo tena. Watu wote wazima. Shirika limefurahi, litaongeza kipengele katika mkataba, na yeye mwenyewe amesimama mbele yao akasema kipande cha nne ni cha Namkunda Mbwambo. Alisema hivyo kwa sauti, wote wamesikia.

"Asante kwa kunijulisha," alisema Namkunda.

"Namkunda, umeniokoa. Sikulala. Jicho langu hili la kushoto..." Akacheka, na kicheko kikatafuta pa kukaa. "Lakini Wapare bwana. Mtu anashikilia kipande kimoja cha hesabu kama mguu wa kuku wa Krismasi, mpaka dakika ya mwisho. Ungeniacha nikafa, nani angekuja kunidondoshea sarafu?"

Akangoja.

Namkunda alijua anachongojea. Jibu lilikwisha kufika ulimini lenyewe, kali, lenye chumvi, la aina ambayo ingemkalisha sakafuni. Lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kumpa. Kama angelisema, kila kitu kingerudi mahali pake, au kingeonekana kimerudi. Eliufoo angepumua, angetukana, na mambo yangeendelea, nadharia ikiwa ya Shirika na wao wawili wakiwa watani wa kunywa chai.

Akalimeza.

"Shikamoo, Profesa," alisema.

Mashine haikuwa na kitu cha kutafsiri, maana wote wawili walikuwa wakisema Kiswahili.

"Usinifanyie hivyo," alisema Eliufoo, sauti imeshuka. "Nitukane. Namkunda, nakuomba, nitukane basi."

"Nitakutukanaje, Profesa? Wewe ni mkubwa wangu. Na hatuna utani, ulitamka mwenyewe hapa." Alikifunga kikombe chake kwa gazeti kisivunjike, akakiweka katika kisanduku. "Nakutakia safari njema. Msalimie Dokta Vaishali, nimefurahi kusikia ni mzima."

Mstari ulibaki wazi. Alisikia pumzi yake, kisha kitu kama kiti kikivutwa, kisha mlango wa chumba cha Pune ukifunguliwa na kufungwa.

"Mazungumzo yamekwisha," lilisema Baraza. "Je, niandike kwamba yalikuwa ya kirafiki?"

Namkunda alichukua kisanduku, akazima taa.

"Andika yalikuwa ya heshima," alisema.